Uso kwa Asilimia Mia Mbili

2 Machi, Jumapili

Swali ambalo nimeshindana nalo kwa muda mrefu ni hili: mtu aliye mbali anapaswa kuonekana kwa ukubwa gani ndipo niweze kusema kwamba nimemwona? Naliandika leo kwa sababu mvua za kwanza zimeanza alfajiri, na kwa sababu kabla mvua hizi hazijakatika mume wangu atakuwa ameamua ama kurudi nyumbani, ama kutia saini mkataba wa miaka miwili mingine huko anakojenga daraja. Fomu anayo. Mwisho wa kuirudisha ni tarehe thelathini Mei. Ameniarifu asubuhi kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, nami nikajibu kwa sauti hiyo hiyo, "Basi utaona mwenyewe." Jibu hilo nimelijutia tangu saa mbili asubuhi hadi sasa, saa kumi jioni.

Nieleze jinsi tunavyoonana. Nina kishikwambi kimoja kinachofanya kazi mbili. Juu, katika chumba changu cha kazi, hukaa kwenye kitako chake upande wa kushoto wa meza, na kitako hicho hukiunganisha na umeme, kibodi na skrini kubwa iliyo mbele yangu. Hapo ndipo ninapohariri vitabu vya vyuo, na hapo ndipo, kila Jumapili saa moja asubuhi, ninapozungumza na mume wangu. Nikimaliza zamu yangu hukichomoa na kukishusha ngazi hadi kwa mama yake, ambaye goti lake limekataa kupanda tangu mwaka jana. Simu haikatwi njiani. Mvua ikinyesha mtandao wetu huwa haurudi ukishaondoka, kwa hiyo nambeba akiwa hewani, kama mtu anavyobeba bakuli lililojaa.

Tatizo ni kwamba njiani vitu hubadilika kimo. Kilichokuwa sawa juu huwa kidogo mno chini, na kilichokuwa sawa chini kikipandishwa juu huwa kikubwa chenye ukungu. Bado sijaelewa kwa nini.

5 Machi

Mvua. Kitabu cha ufugaji wa nyuki, sura ya nne.

9 Machi, Jumapili

Leo nilipomfikisha chini alikuwa amesinyaa. Dirisha la mazungumzo lilijikunja pembeni mwa skrini, na vitufe vyake vikawa kama mbegu za mchicha. Mama mkwe alikipokea kishikwambi, akakisogeza puani, akakirudisha nyuma.

"Nani huyu umeniletea, mwanangu?"

"Mwanao, mama."

"Mwanangu alikuwa na kichwa. Huyu ana nukta."

Sauti ya mume wangu ikacheka kutoka ndani ya ile nukta. "Ni mimi, mama. Vaa miwani."

"Miwani iko mahali pake. Wewe ndiye hupo mahali pako."

Mume wangu akabadili mazungumzo. "Goti likoje?"

"Goti lipo. Goti halisafiri."

Waliendelea hivyo nusu saa, wakitaniana. Mimi nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda nikikunja nguo zilizokataa kukauka. Aliponiaga nilibonyeza kitufe kwa ncha ya kalamu. Mimi ndiye ninayefunga siku zote. Tulikubaliana hivyo wiki ile aliyoondoka: kwa kuwa yeye ndiye aliyetoka mlangoni, hatakuwa tena wa kwanza kuondoka. Hukaa akingoja hadi nitoweke.

12 Machi

Aibu kazini. Jana, nikiwa nimeketi chini na mama, niliona maandishi ya sura ya nne yamekuwa madogo hayasomeki. Nikayakuza hadi yakapendeza, nikayatuma. Leo mhariri mkuu ameniita. Alikuwa ameuchapa ukurasa mmoja na kuuweka mezani: maneno kumi na moja, ukurasa mzima.

"Nyuki wetu sasa wanafundishwa chekechea?" aliuliza.

Maandishi hayakuwa na kosa lolote. Skrini ndiyo iliyokuwa imeyapunguza, nami nikaurekebisha ukurasa. Nimehariri kwa miaka kumi na minne na sikuwahi kufanya kosa la aina hii. Au labda nimelifanya mara nyingi na hakuna aliyenichapia.

13 Machi

Nimempelekea kishikwambi fundi wa kompyuta wa ofisini, yule tunayemwita Mama Waya. Alikisikiliza kisa changu huku akimenya chungwa.

"Dada, hakijaharibika. Hiyo skrini yako ndogo ina nukta nyingi zilizobanana, kwa hiyo imewekwa ikuze kila kitu kwa asilimia mia mbili. Ile kubwa iko asilimia mia. Programu ukiifungulia juu, inaamini dunia yote ni ya juu. Ukiishusha chini inaendelea na mahesabu ya juu."

"Na nikiifungulia chini?"

"Inapanda na ukubwa wa chini. Unapata jitu lenye ukungu."

"Dawa yake?"

"Funga kila kitu, chomoa, toka, ingia upya, fungua tena. Zile programu za zamani ni kama mgeni aliyezoea kiti, bila kumwinua hahami."

Nikamweleza kwamba nikifunga huenda nisimpate tena. Aliacha kumenya. Hakuniuliza ni nani. "Basi chagua mahali pamoja," akasema. "Juu au chini. Usihame na mtu katikati ya mazungumzo."

Ni ushauri mzuri, ila mke yuko juu na mama yuko chini.

16 Machi, Jumapili

Mtandao ulikatika kabla sijafika ngazi ya tatu. Mama mkwe alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani.

23 Machi, Jumapili

Niandike nilichokiona, kisha niandike ninachokidhani, na nisivichanganye.

Nilichokiona: akizungumza nami, mume wangu hatazami mbele. Macho yake huwa chini, kama ya mtu aliyeweka kitu magotini. Majibu yake ni mafupi na yana adabu. "Vizuri." "Tunashukuru." "Nguzo ya tano imesimama." Hunyamaza ghafla, akakaa kimya muda mrefu, nami husubiri aendelee, naye haendelei. Nikimshusha kwa mama yake anageuka mtu mwingine. Anainua uso. Anacheka hadi pengo la jino la nyuma linaonekana.

Ninachodhani: amenizoea kwa jinsi mtu anavyozoea kutokuwa na kitu.

Sina hakika. Huenda mtu yeyote huchangamka zaidi mbele ya mama yake. Huenda uso ukikuzwa kwenye skrini yangu kubwa hupoteza kitu ambacho kwenye skrini ndogo kinabaki. Hata hivyo nimepima kwa wiki kadhaa na matokeo ni yale yale.

30 Machi, Jumapili

"Naona una kazi," aliniambia leo katikati ya sentensi yangu mwenyewe.

"Sina kazi yoyote."

"Haya."

Nimelitafakari hilo "haya" siku nzima. Mwanamume mwenye hamu ya kurudi halitamki hivyo. Au ndivyo anavyolitamka hasa.

6 Aprili, Jumapili

Mvua wiki nzima. Ukuta wa ngazi umeota ukungu wa kijani. Mume wangu angeuwekea kiganja na kutaja umbali wa bomba lililopasuka.

Mama mkwe alisubiri nimfungie mwanawe, ndipo akauliza. "Amesemaje kuhusu kurudi?"

"Hajasema, mama."

"Umemuuliza?"

"Uamuzi ni wake."

"Sijauliza uamuzi ni wa nani. Nimeuliza kama umemuuliza."

Nilichukua kishikwambi, nikapanda ngazi. Ukweli ni kwamba nataka arudi bila kuombwa. Nikimwomba akaja, sitajua kamwe kama alikuja kwa hamu yake au kwa utiifu wake, na mtu mtiifu ndani ya nyumba ni upweke wa aina nyingine. Ndivyo ninavyojieleza. Mama mkwe, nadhani, angekiita kiburi, na sina hoja ya kumpinga.

Kuna jambo moja linalonijia kila ninapoketi kuhariri. Mume wangu alikuwa na tabia ya kuja nyuma ya kiti changu, akaegemeza kidevu utosini kwangu na kusoma ukurasa niliokuwa nao. Hakusema lolote hadi aone kosa. Akiliona, kidevu kilisogea kidogo. Nilijua kuna kosa kabla hajaninong'oneza liko mstari wa ngapi. Miaka miwili sasa ninasahihisha kurasa zangu bila uzito ule kichwani, na makosa ninayaona vizuri tu. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ninayaona vizuri tu.

13 Aprili, Jumapili

Leo nilimfungulia chini kwanza, kisha nikampandisha. Mama Waya alisema kweli: lilikuja jitu. Uso wake ulijaa skrini kubwa kutoka ukingo hadi ukingo. Nyusi moja ilikuwa na upana wa mkono wangu. Nilisogea mbele. Nilitaka kuona kama kovu la kidevuni bado lipo, lile alilolipata kwa wembe siku ya harusi yetu, na kadiri nilivyosogea ndivyo alivyovunjika kuwa vipande vya mraba vya kahawia. Nilirudi nyuma akawa mtu tena, ila wa mbali.

Muda wote huo alikuwa akinieleza habari za saruji isiyokauka kwa sababu ya unyevu. Nilisikia labda nusu.

"Upo?" aliuliza.

"Nipo. Nakutazama."

Akakohoa. Akageuza karatasi.

20 Aprili, Jumapili

Hakuna mtandao. Nimeijua sauti ya kila tundu la paa.

22 Aprili

Paa limevuja juu ya rafu ya kamusi. Kitabu cha nyuki, sura ya saba. Nijuavyo, malkia akitoweka, kundi huchukua saa kadhaa kutambua. Mwandishi ameandika "dakika kadhaa". Nimemwekea alama ya kuuliza pembeni.

27 Aprili, Jumapili

Dakika sita tu. Nguzo ya sita.

4 Mei, Jumapili

Aliitaja fomu mwenyewe. "Bado iko mezani," alisema. "Wenzangu wengi wamesharudisha."

"Uamuzi ni wako," nilisema. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kusema kitu kingine.

"Najua," alijibu akiwa anatazama magoti yake.

Nilimshusha chini haraka kuliko kawaida.

11 Mei, Jumapili

Nataka kuandika jambo hili kwa mpangilio, kwa kuwa tangu asubuhi linanijia bila mpangilio.

Mazungumzo ya juu yalikuwa mafupi. Nilikichomoa kishikwambi, nikashuka. Safari hii, kinyume na mahesabu ya Mama Waya, dirisha halikusinyaa, lilikua. Lilipita kingo zote za skrini ndogo, na kwa mama mkwe ulifika uso usio na kidevu. Chini ya mdomo wake skrini ilikwisha, na vitufe vyote, pamoja na kile chekundu cha kufunga, vilikuwa vimezama huko chini ambako kidole hakifiki.

"Leo umekuja nusu, baba," mama mkwe alimwambia.

"Nusu ipi, mama?"

"Ile inayokula haipo."

Walicheka. Wakamaliza. Akaniaga na mimi, kisha akakaa akingoja nifunge, kama kawaida yake. Nilisukuma dirisha juu, halikusogea. Nikakizungusha kishikwambi, likazunguka nalo likiwa limezama vile vile. Nikasema, "Haya, kwaheri," mara ya pili, kwa haya, nikafunika skrini kwa jalada lake na kukiweka kitandani. Kwake, bila shaka, picha iligeuka giza. Kwa miaka miwili giza lilikuwa na maana moja tu, kwamba nimefunga.

Kisha sauti ikatoka kitandani. Kiti kilisogezwa. Kijiko kiligonga kikombe.

"Umeshazungumza na nyumbani, kaka?" Huyo alikuwa mpimaji anayeishi naye chumba kimoja. Namfahamu kwa kikohozi.

"Nimezungumza."

"Wanasemaje kuhusu fomu?"

"Mama anataka nirudi. Mke wangu anasema uamuzi ni wangu."

"Una bahati. Wangu mimi angenichagulia hadi kalamu ya kutilia saini."

Mume wangu alicheka kidogo. Mama mkwe aliinua kichwa. Niliweka kidole mdomoni. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, na kwa kuwa nilifanya, siwezi kudai kwamba nilisikia kwa bahati mbaya.

"Haniangalii," mume wangu akasema.

"Nani?"

"Mke wangu. Zamani alikuwa akiniangalia. Tangu mwaka jana anazungumza nami huku uso ameupeleka pembeni. Nadhani anasahihisha kurasa zake. Mwanzoni nilikuwa nanyamaza makusudi, nione kama atageuka. Hageuki. Juzijuzi ameniambia 'nakutazama', na sikio ndilo nililokuwa naliona. Siku hizi na mimi naweka michoro magotini, angalau tuwe sawa."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Mtu mzima utamwomba mtu mzima akutazame?"

Kijiko kilizunguka kikombeni.

"Kwa hiyo fomu?"

"Niliipeleka Ijumaa. Miaka miwili. Huko wameshazoea."

Nilibonyeza kitufe cha pembeni cha kuzimia, nikakishikilia hadi kila kitu kikazimika. Kitufe hicho kilikuwepo tangu mwanzo. Nilikuwa nakijua.

Mama mkwe hakunitazama. "Ungefunga," alisema.

"Kitufe kilikuwa kimezama, mama."

"Na masikio?"

"Na wewe ulisikiliza."

"Mimi nina goti bovu. Siwezi kukimbia." Akalivuta shuka hadi kifuani. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ni kweli humwangalii mwanangu?"

Nilimwambia kwamba Jumapili zote hizi sikuwa nimetazama kitu kingine chochote. Aliniamini, nadhani, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia, na kwa sababu hakuna mwongo ambaye angetunga jambo la ajabu kiasi hicho.

12 Mei

Sikwenda kazini. Nilikichomeka kishikwambi kwenye kitako, nikaiwasha kamera inirekodi, nikaketi kama ninavyoketi Jumapili na kuzungumza na skrini kubwa tupu kwa dakika tano. Nilisema mambo ya kawaida: mvua, goti, sura ya saba. Kisha nikajitazama.

Kamera haiko kwenye skrini kubwa. Iko kwenye kishikwambi, na kishikwambi kiko kushoto. Nilichokiona ni sikio, shavu moja, na jicho moja linalotazama mahali fulani nje ya picha kwa bidii kubwa. Mwanamke yule alionekana mwenye kazi. Alionekana mwenye adabu. Alikuwa akisema "vizuri" na "tunashukuru". Aliponyamaza, alinyamaza kama anayesubiri mgeni aage.

Kitako na skrini kubwa nilivinunua mwaka jana. Kabla ya hapo nilizungumza naye kwenye skrini ndogo, ana kwa ana, nikilalamika kwamba ni mdogo mno. Nilitaka nimwone vizuri zaidi. Hiyo ndiyo sababu pekee niliyomgeuzia uso.

Nimehesabu Jumapili. Ni hamsini na nane.

13 Mei

Sikungoja Jumapili. Saa sita na nusu mchana, wakati wa mapumziko yao, nilikichomoa kishikwambi, nikatoka, nikaingia upya kama nilivyofundishwa, nikakisimamisha mbele yangu kwenye meza ya jikoni nikikiegemeza kwenye rasimu ya kitabu cha nyuki. Alipokea akiwa amevaa kofia ya kazi. Alikuwa mdogo na kamili. Kovu lipo.

"Leo si Jumapili," alisema. "Mama anaumwa?"

"Mama mzima. Nilikusikia juzi."

"Ulinisikia nini?"

"Yote. Hadi kijiko. Kitufe cha kufunga kilizama chini ya skrini."

"Kilizama."

"Kilizama, na mimi sikukitafuta sana."

Aliivua kofia. Nilimwona akitafuta hasira na kuikosa, kisha akatafuta aibu akaipata. "Basi umesikia," alisema.

"Kamera iko kushoto," nilimwambia. "Wewe uko mbele yangu, mkubwa kama mlango. Mimi nautazama mlango. Kamera inanitazama sikio."

Ilimchukua muda. Ni mhandisi. Nilimwona akiichora meza kichwani, skrini hapa, kitako pale, na mistari ya macho ikipishana.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka na zaidi."

"Mhariri," alisema, jina aliloacha kulitumia sijui tangu lini, "nimepanga nguzo sita zikatazamana juu ya mto. Sikuwahi kuuliza kamera yako iko wapi."

"Wala mimi sikuwahi kuuliza umeweka nini magotini."

Tulicheka, ila vibaya, kama watu wanaocheka msibani. Kisha nikakitazama kile kitundu cheusi cha kamera, juu ya uso wake, ili macho yangu yamfikie. Na hapo nikagundua jambo ambalo hakuna aliyenionya: ukikitazama kitundu, uso humwoni. Anaona kwamba unamwangalia, na wewe unaona tundu. Ama nimwone, ama aone kwamba namwona. Mawili kwa pamoja chombo hiki hakiyawezi, kwa kipimo chochote.

"Fomu imeshakwenda," alisema.

"Nimesikia."

"Unataka niiombe irudi?"

Nilikuwa na "uamuzi ni wako" tayari ulimini. Niliendelea kukitazama kitundu.

"Nataka urudi nyumbani," nilisema.

Kwa kuwa nilikuwa naangalia tundu, sijui uso wake ulifanya nini. Sauti yake ilikawia. "Nitakwenda ofisini sasa hivi," alisema, "kabla hawajarudi kutoka kula."

16 Mei

Ameandika barua ya kuiondoa fomu. Hawajamjibu.

18 Mei, Jumapili

Hawajamjibu. Tumezungumza saa nzima jikoni. Sasa mama mkwe ndiye anayeletwa kwetu: kiti chake kimekaa karibu na jiko, naye hujiburuza kutoka chumbani akishikilia ukuta na kulilaani goti.

"Afadhali umekuwa wa kati," alimwambia mwanawe. "Si nukta, si jitu."

25 Mei, Jumapili

Hawajamjibu. Mvua imekuwa ya vipindi. Jioni moja anga lilifunguka kabisa na nikaona jinsi madirisha yetu yalivyo machafu.

30 Mei

Wamejibu. Mwaka wa pili wameufuta. Mwaka wa kwanza hauwezi kufutwa kwa sababu hakuna wa kushika nafasi yake hadi daraja lifikie ng'ambo. Atakaa mwaka mmoja zaidi, kuanzia Julai.

Nilimweleza mama mkwe nikiwa nimesimama. Alihesabu kwa vidole, ingawa mwaka mmoja hauhitaji vidole.

"Nitaufikia," alisema. "Usimwambie kwamba nilihesabu."

1 Juni, Jumapili

Jua. Nimeanika kamusi.

8 Juni, Jumapili

Hakujanyesha kwa siku tisa. Nadhani msimu umekwisha, na shajara hii nayo niliikusudia kwa msimu mmoja.

Leo nilikipeleka kishikwambi chumbani, nikamuuliza mume wangu. Niliahirisha wiki tatu kwa kuwa nililiogopa jibu lolote kati ya mawili.

"Kama ningekuwa nakutazama mwaka ule wote, ungeipeleka ile fomu?"

Nilimtazama yeye, si kitundu. Nilitaka kuliona jibu kabla halijawa maneno. Kwa hiyo yeye aliona kope zangu tu, macho yakiwa chini.

"Sijui," alisema. Akafikiri. "Daraja nalo nilitaka kulimaliza. Siku ile niliipeleka nikiwa nimekasirika. Lakini nilikuwa nimeijaza tangu Machi, siku ambayo sikuwa na hasira na mtu."

Nilimshukuru kwa kusema kweli. Alicheka kwa kuwa nilimshukuru.

Kwa hiyo sijapata jibu. Swali nililoanza nalo lilikuwa la ukubwa, na nadhani nililiuliza vibaya. Ukubwa ni jambo ambalo Mama Waya analirekebisha huku akila chungwa. Ninalobaki nalo ni gumu zaidi: mwaka huu unaokuja bila yeye, ni kiasi gani nimeutengeneza mimi kwa kutazama upande usiofaa, na ni kiasi gani ungekuja hata kama ningekodoa macho? Siwezi kujua, kwa sababu mashahidi ni wawili tu. Mmoja ni yeye, na yeye ananipenda, atachagua daima jibu lisiloniumiza. Wa pili ni mimi, niliyekuwa na uhakika miezi miwili mizima kwamba yeye ndiye aliyegeuza uso.

Mama mkwe ameniita sasa hivi kutoka jikoni, anauliza kama nimemaliza na mwanawe, ambaye bado yuko hewani pembeni yangu, ili nimwachie. Nimemwambia bado.